Hita ya maji inayozimika kila baada ya siku mbili: usiitupe bado

Swali: Fundi, salamu kutoka Muyeye, Malindi. Tuna hita ya maji ya umeme ya lita 50, ya kutundika ukutani, tuliifunga kama miaka miwili iliyopita. Binti yangu amejifungua na yuko kwangu mpaka arobaini iishe, kwa hivyo maji ya moto yanatumika asubuhi na jioni, kumkanda yeye na kumwogesha mtoto. Miezi ya karibuni hita ilianza kuchelewa kupasha na kutoa mlio kama kitu kinachokaangwa ndani. Juzijuzi taa yake ikazimika na maji yakawa baridi. Kijana wa mtaani akafungua kifuniko cha chini, akabonyeza kitufe chekundu, ikawaka. Siku mbili, ikazimika tena. Akabonyeza tena, ikazimika tena. Breka haijaanguka hata mara moja. Sasa ananiambia hita imekwisha, ninunue mpya, au nifunge ile ya kupasha papo hapo kwenye bomba la kuogea. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Je, ni kweli imekwisha? Na mwanangu wa kiume anaweza kukibonyeza kile kitufe mwenyewe? Maana kila mara namlipa yule kijana.

Jibu: Mama, hongera kwa mjukuu, na mzazi namwombea afya. Kwa dalili ulizoandika hita yako haijakwisha. Ina maradhi, na yanatibika. Na mwanao asikiguse hicho kitufe. Kubonyeza si kazi ngumu, hata mtoto wa darasa la pili ataweza, lakini kila kinapobonyezwa bila mtu kujua kwa nini kiliruka, hita inarudishwa kazini na ugonjwa wake uleule, katika nyumba yenye mzazi na mtoto mchanga.

Kitufe hicho ni cha kinga ya joto kali. Ndani ya hita kuna vitu viwili vinavyopima joto. Cha kwanza ni themostati, na hiyo ndiyo ya kazi ya kila siku: maji yakifika joto ulilochagua, tuseme nyuzi 60, inakata umeme, yakipoa kidogo, inaurudisha. Cha pili ni hiyo kinga, ambayo kazi yake ni kukaa kimya miaka yote. Inaruka tu joto linapopita kiasi, kwa hita nyingi ni karibu na nyuzi 90, na ikisharuka hairudi yenyewe. Waliobuni walikusudia iwe hivyo. Walitaka mtu alazimike kufungua kifuniko, na akishafungua aulize joto lile limetoka wapi. Kijana wako alifungua, akabonyeza, akalipwa, swali hakuliuliza.

Basi nakuuliza wewe, maana wewe ndiye uliyekuwapo: siku zile mbili kabla ya taa kuzimika, maji yalikuwaje yakitoka bombani?

Kama yalikuwa ya kuunguza, yanatoka na mvuke, bomba likitema na kukohoa, basi ni themostati. Vidude vyake vya kugusana ndani vimeshikana, haikati tena, na maji yanaendelea kupanda joto mpaka kinga iruke. Hapo dawa ni themostati mpya, na hita isiwashwe hata mara moja kabla haijafungwa. Themostati ikishakufa, kinga hiyo imebaki peke yake kuzuia tangi lililofungwa lisichemke, ikisaidiwa na valvu ya usalama kama valvu yenyewe haijaziba kwa chokaa.

Kama yalikuwa vuguvugu tu, hayakuwahi kufika moto uliouzoea, na hita inakaanga, basi hali ni nyingine kabisa. Joto limekusanyika mahali pamoja, chini kabisa, pale themostati na elementi, ile nondo inayopasha maji, zinapokaa, na kinga imelipata palepale huku maji ya juu hayana habari. Kinacholeta hilo ni chokaa, au waya uliolegea kwenye skrubu yake. Waya uliolegea hupata moto wenyewe, na kwa kuwa umeshikana na themostati, unaichoma kinga bila maji kuhusika. Kwa ule mlio, kule kuchelewa, na maji ya kisima, mimi naona ni chokaa. Lakini chokaa na waya uliolegea huweza kukaa nyumba moja, kwa hiyo kifuniko kikifunguliwa vyote viwili viangaliwe.

Ule mlio unaeleza mengi. Elementi iliyo safi hupasha maji kimyakimya. Ikishafunikwa na chokaa, maji machache hunaswa kwenye vitundu vya chokaa hiyo, yanachemka palepale, viputo vya mvuke vinapasuka, na wewe unasikia kama vitunguu kwenye mafuta. Joto la elementi haliwezi tena kutoka haraka kuingia kwenye maji, kwa hiyo elementi yenyewe inazidi kuwa kali kuliko ilivyotengenezwa iwe. Ikiendelea hivyo itapasuka, na huo ndio mwisho mbaya wa kubonyeza kitufe kila baada ya siku mbili.

Kwa nini Malindi? Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa tupu. Maji ya mvua yakipenya ardhini hubeba hewa ya kaboni, na maji ya namna hiyo huyeyusha mwamba kidogo kidogo. Kisima kinakupa maji yanayoonekana meupe safi, kumbe chokaa imo ndani imeyeyuka. Ukiyapasha moto ile hewa inatoka, chokaa inakosa pa kushikilia, inatua juu ya kitu chenye joto kuliko vyote humo ndani, na kitu hicho ni elementi. Tazama ndani ya birika lako la chai: utando ule mweupe ndio huohuo. Na kadiri maji yanavyopashwa zaidi, hasa kupita nyuzi 60, ndivyo inavyotua kwa kasi.

Chumvi ni adui mwingine, watu huwachanganya. Hiyo hailundikani, inakula chuma. Visima vya karibu na bahari huvuta maji ya chumvi kutoka chini, na kadiri pampu zinavyovuta ndivyo chumvi inavyopanda. Kwa hivyo hita ya kisima Malindi inapigwa na wawili: mmoja anaivisha elementi koti, mwingine anatoboa tangi. Maji ya mfereji, yanayotoka kwenye visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, ni ya upole zaidi kwa hita kuliko ya kisima cha uani. Kama nyumba yako ina njia zote mbili, mwambie fundi wa bomba aiunge hita kwenye tangi la maji ya mfereji peke yake, na ya kisima yabaki kwa choo, kufulia na kumwagilia maua. Ni kazi ya bomba na viungo vichache, na mimi naiona ndiyo matumizi bora ya pesa katika jambo hili zima, kabla hata ya elementi mpya.

Sasa taa. Hiyo taa ndogo nyekundu husomwa vibaya na watu wengi. Kwa hita nyingi imeungwa baada ya themostati, sambamba na elementi. Ikiwaka maana yake ni kwamba umeme umefika mlangoni mwa elementi, basi. Haisemi kwamba elementi inapasha. Kwa hiyo taa ikiwaka saa nzima na maji ni baridi, elementi imekatika. Taa ikiwa imezimika na maji ni baridi, kama kwako, umeme haufiki pale: ama breka, ama swichi ya nje ya bafu, ama kinga imeruka, ama themostati imekufa na haipitishi umeme. Ziko hita chache ambazo taa yake huwaka wakati wote umeme ukiwapo. Ya kwako utaijua kwa kukumbuka zamani ilipokuwa nzima: ilikuwa inazimika yenyewe maji yakishapata moto? Kama ndiyo, imeungwa baada ya themostati, na haya niliyoandika yanahusu hita yako.

Breka kutoanguka ni habari njema. Elementi ikipasuka, maji yanaingia ndani yake na umeme unavuja kwenda kwenye chuma cha tangi. Hapo breka, au kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, huanguka mara tu unapowasha, au baada ya dakika chache elementi ikipata joto. Kwako halijatokea. Inawezekana kabisa elementi bado ni nzima chini ya chokaa yake. Lakini uliza kama nyumba ina kifaa hicho cha umeme unaovuja. Nyumba nyingi za zamani hazina, na zingine waya wa ardhi ulikatwa au haukuwahi kufika bafuni. Pasipo hivyo viwili, elementi iliyopasuka haiangushi kitu. Inangoja mtu ashike bomba akiwa amesimama kwenye maji. Mtu yeyote akiwahi kuhisi hata mwasho mdogo vidoleni akigusa mfereji, hita izimwe kwenye breka siku hiyohiyo na isiwashwe kwa sababu yoyote.

Kazi ya kufungua ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hilo sikupunguzii. Ila usimwache peke yake bafuni. Simama mlangoni, au mwanao asimame, na muangalie mambo yafuatayo, kwa sababu mtu akijua anatazamwa na anayeelewa hufanya kazi tofauti.

Kwanza azime kwenye breka, asitegemee swichi ya ukutani tu, kisha ahakikishe kwa kipimo pale kwenye skrubu kwamba umeme haupo. Ile bisibisi yenye taa haitoshi, hudanganya. Awe na maltimita, kile kipimo cha umeme chenye namba. Kipande cha utepe juu ya breka kitamzuia mtoto wa jirani asiirudishe mtu akiwa na mikono ndani. Pili, apige picha ya nyaya kwa simu kabla hajagusa hata mmoja. Halafu anuse, na wewe unuse. Plastiki iliyoungua ina harufu isiyojificha. Atazame kila skrubu: waya uliokuwa wa kahawia uking'aa, sasa umekuwa mweusi na mgumu kama kijiti cha mkaa? Plastiki ya themostati imepata rangi ya chai? Bisibisi ikizunguka robo kwenye skrubu bila kupata ukinzani, umempata mmoja wa wahalifu. Ncha ya waya iliyoungua ikatwe mpaka ifike kwenye shaba safi, na themostati iliyobadilika rangi haina haja ya kupimwa, ibadilishwe.

Baada ya hapo elementi. Atoe nyaya zake mbili, apime ukinzani kati ya ncha na ncha. Hapa kuna hesabu ambayo unaweza kuifanya wewe mwenyewe kwa simu: volti 240 mara 240, gawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha hita. Hita za lita 50 nyingi ni za wati 1,500, na hizo zinatoa omu (kipimo cha ukinzani) 38 na kidogo. Wati 2,000 ni karibu omu 29. Wati 3,000 ni omu 19. Kipimo kikija karibu na hapo elementi ni nzima. Kikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, imekatika. Kisha apime kati ya kila ncha na chuma cha tangi: hapo panatakiwa kusiwe na njia hata kidogo. Maltimita ya kawaida hutumia volti chache, kwa hiyo uvujaji mdogo huweza kuupita bila kuuona. Fundi aliyekamilika ana kile kipimo cha kusukuma volti 500, na hicho hakidanganyiki. Elementi inayovuja kwenye chuma itupwe, hata kama bado inapasha.

Namba hizo ziwe sawa zisiwe sawa, kwa hita yako mimi ningeifungua na kuitoa elementi. Funga koki ya maji yanayoingia, fungua bomba la moto ili hewa iingie, unga mpira upande wa maji baridi na uache tangi limwagike lote. Maji ya mwisho yatatoka ya rangi ya maziwa, na pamoja nayo vipande vyeupe vyembamba kama maganda ya yai. Bamba la elementi likifunguliwa bolti zake, mara nyingi halitoki kwa kuvutwa, kwa sababu elementi imekuwa nene kuliko tundu iliyopitia ilipoingia. Hapo subira inahitajika. Ichezwe taratibu, chokaa ianguke ndani, halafu itoke. Utakachokiona kikitoka kinashangaza watu: nondo iliyokuwa nyembamba kama kidole kidogo imekuwa na unene wa muhogo, nyeupe na kahawia, na ile mifereji midogo iliyoko kati ya mapindo yake imejaa pomoni. Mara nyingi na ule mrija ambamo ncha ya themostati hukaa umefunikwa vilevile. Mrija ukifunikwa, themostati inapata habari za joto kwa kuchelewa, inaendelea kupeleka umeme wakati ilitakiwa ikate, na kinga inaruka. Hii ndiyo sababu hata themostati mpya kabisa, ikifungwa juu ya chokaa ya zamani, inaweza kuishi siku mbili na kukurudisha ulipo leo.

Chokaa isigongwe kwa nyundo wala kuchokolewa kwa bisibisi. Ganda la elementi ni bomba jembamba la chuma, na ndani yake kuna waya mwembamba zaidi uliozungukwa na unga. Ukiligonga unaumaliza bila kujua. Itumbukizwe kwenye siki nyeupe usiku kucha, vile vichwa vya kuungia nyaya vikiwa nje ya siki. Unga wa ndimu wa dukani ulioyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu unafanya kazi hiyo kwa haraka zaidi. Itatoa mapovu, chokaa italegea, na brashi laini itaondoa kilichobaki. Wakati huo mkono uingie ndani ya tangi uzoe kilicholala chini. Kwa hita za kisima si ajabu kujaza bakuli zima. Gasketi, ule mpira wa kuzibia bamba, iwe mpya, ya zamani ikirudishwa itavuja, na itavuja juu ya nyaya. Bolti zikazwe kwa kuvuka, huku na upande wa pili, si kwa kufuata mduara.

Ganda likionekana limepata vidoa vya kutu au nyufa nyembamba, basi elementi mpya, na kwa maji ya chumvi ulizia ya chuma kisichoshika kutu. Ya shaba ni rahisi zaidi na haitakaa.

Pembeni ya elementi, au kwenye bamba hilohilo, pana fimbo ya magnesi. Kijana wako pengine hajui ipo. Imewekwa iliwe yenyewe na maji badala ya tangi kuliwa. Kwa hita ya miaka miwili kwenye maji ya chumvi, natarajia mkute waya mwembamba tu ulio katikati, na vipande viwili vitatu vimebaki vimeng'ang'ania. Hapo imeshamaliza kazi, na toka siku ilipokwisha tangi lenyewe ndilo linaloliwa. Weka mpya leo, na kwa maji yenu iangaliwe kila mwaka. Nashangaa kila siku jinsi watu wanavyolipa hita nzima kwa kukosa fimbo hii.

Kuna jambo moja tu ambalo lingenifanya nikubaliane na anayesema ununue mpya: tangi kuvuja. Sisemi gasketi, wala kiungo cha bomba, wala valvu ya usalama inayodondosha matone maji yakipashwa, ambayo hiyo ndiyo kazi yake. Nasema maji yenye kutu yanayochuruzika kutoka ndani ya ganda la nje, sponji ya ndani imelowa. Tangi lililotoboka halichomelewi likadumu. Kama halivuji, hita ya miaka miwili ni mbichi.

Wakati wa kurudisha, maji kwanza, umeme baadaye. Koki ifunguliwe, bomba la moto liachwe wazi mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Hapo ndipo tangi limejaa. Elementi ikiwashwa hewani inaungua kwa muda mfupi sana. Na hili linanikumbusha jambo la nyumba za Malindi: tangi la juu likikauka, na valvu ya kuzuia maji yasirudi haipo au imekwama ikiwa wazi, mtu akifungua mfereji wa chini hita inaweza kumwagika taratibu kupitia njia ileile iliyojazia, huku umeme unawaka. Kinga inaruka kwa hilo pia. Je, siku hizo maji yenu yalikatika? Kama ndiyo, mwambie fundi aiangalie valvu hiyo.

Sasa kuijaribu. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 27, ambalo ndilo joto la maji ya tangi la juu siku za kawaida, mpaka 60, kunahitaji kama yuniti 1.9 za umeme. Kwa wati 1,500 hiyo ni saa moja na dakika 20 hivi. Ikitumia muda huo imepona. Ikichelewa sana, kabla ya kumlaumu fundi, mwambie apime volti hita ikiwa inapasha. Umeme ukishuka mpaka volti 200, kama inavyotokea jioni mtaa mzima ukiwasha kila kitu, nguvu ya elementi haishuki kidogo. Inashuka karibu theluthi, na muda unakwenda saa moja na dakika 50. Hita haina kosa hapo. Pasheni maji asubuhi na mapema.

Themostati uiweke nyuzi 60, usizidishe. Chini sana ya hapo tangi linaweza kuzalisha vijidudu vinavyodhuru mapafu, na hilo halifai kwa mtoto mchanga. Juu ya hapo unaalika chokaa. Lakini maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde tano hivi, na ya mtoto kwa chini ya hapo. Beseni la mtoto litiwe maji baridi kwanza, ya moto yafuate, yakorogwe, na yajaribiwe kwa kiwiko, wala mtoto asiwekwe kamwe chini ya bomba linalotiririka. Wakanda mzazi wetu wana mikono iliyozoea moto na husahau kwamba wengine hawana.

Mpaka fundi aje, chemsha kwenye gesi au jiko. Kwa maji ya kuogea ya nyuzi 40 hivi, kipimo kimoja cha maji yanayochemka kinataka vinne na nusu vya baridi. Kwa mtoto tia baridi zaidi kidogo, na kiwiko ndicho hakimu. Zile koili za kutumbukiza kwenye ndoo nakuomba zisiingie nyumba hiyo kwa sasa. Mtu amechoka, amekesha na mtoto, anatia mkono ndooni kupima kabla ya kuchomoa plagi.

Umeuliza pia kuhusu hita ya papo hapo. Siipingi, inafaa nyumba nyingi, lakini si jibu la tatizo lako. Nyingi zake zina koili iliyo wazi, umeme ukigusana na maji moja kwa moja, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya mfereji. Ndiyo maana watu wa kisima husimulia kupigwa shoti bafuni. Ipo aina ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa, na ukinunua iwe hiyo. Halafu hita ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 23, wakati hii yako inavuta 6 na kidogo. Waya uliopo ukutani ulipitishwa kwa ajili ya hii. Kuifunga ya papo hapo kwenye waya uleule ni kuupasha ukuta badala ya maji: itahitajika njia yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, waya wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32, na waya wa ardhi uliopimwa. Mwambie fundi akupe bei ya hayo yote kwanza, kisha uilinganishe na bei ya gasketi, siki na fimbo ya magnesi.